Chumba cha Karne ya Kumi na Saba

Kazi ya kwanza niliyoipata London ilikuwa kusimama. Nilipewa yunifomu ya rangi ya majivu, nikapewa kiti cha mbao cha kupumzikia robo saa asubuhi na robo saa jioni, na nikaambiwa niwatazame watu wanaotazama picha. Jumba lenyewe lilikuwa kubwa, la mawe, na ndani yake mlikuwa na picha za Ulaya za karne saba au nane, zimepangwa chumba baada ya chumba kwa mfuatano wa miaka. Ukiingia mlango wa mashariki unaanza na watakatifu. Ukitoka mlango wa magharibi unakuwa umefika zama zetu.

Kwetu Unguja nilikuwa mwalimu wa skuli. Mwaka wa pili baada ya mapinduzi walikuja watu wawili mlangoni mwa darasa, wakanisubiri kwa adabu nimalize sentensi niliyokuwa naiandika ubaoni, kisha wakanichukua. Mtu mmoja alikuwa amepeleka jina langu. Nilikuwa nimesema neno kuhusu wafalme, katika somo la Kiingereza, na neno lile lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi mbele ya bwana aliyenihoji, vilevile nilivyolitamka. Walinikalisha ndani wiki kumi na moja. Nilipoachiwa nilimtazama kila mtu usoni: wanafunzi wangu, walimu wenzangu, muuza kahawa, jirani. Wote waliniamkia vizuri. Sikujua nani, na mpaka leo sijui. Ila nilitoka mle na ahadi moja niliyojiwekea, kwamba mimi sitamwonyesha mtu kidole maisha yangu yote.

Mimi na mke wangu tulipita Mombasa, tukafika London, tukapanga vyumba viwili vya juu Peckham, wakati ambapo ndizi za kupika ulikuwa ukizisikia kwenye maongezi tu. Yeye alipata kazi ya kufua mashuka hospitali. Mimi nikasimama. Faili letu la kuomba ukaazi lilikuwa Croydon, katika jengo refu la serikali ambako tulikwenda na kurudi na bahasha ya kaki, na kila mara tuliambiwa tusubiri barua.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee wa Kiingereza, mrefu, mkavu, mwenye mikono iliyotulia kama ya mganga wa meno. Alikuwa amelinda vyumba vile miaka thelathini na angestaafu mwisho wa majira yale ya baridi. Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Wenzetu wengine walisoma magazeti ya mbio za farasi wakati wa chai. Yeye hakuwa na mazungumzo nao. Mimi alinipenda kwa swali moja tu. Siku ya tatu nilimuuliza kwa nini watakatifu wa chumba cha kwanza hawana vivuli.

Akanigeukia. "Miaka thelathini," akasema, "hakuna mlinzi aliyeniuliza hilo."

Tangu hapo, kila asubuhi, nusu saa kabla ya milango kufunguliwa, tulipokuwa tunakagua kama kila picha iko mahali pake, alinipa chumba kimoja.

"Hapa unaona nini?" aliniuliza kwenye chumba cha kwanza.

"Dhahabu."

"Dhahabu kila upande. Mwanga hautoki popote, ndiyo maana kivuli hakina pa kuangukia. Hawa hawako mahali. Wako mbele ya Mungu."

Sikumwambia kwamba chumba kile ndicho kilichonipa raha kuliko vyote. Mama yangu hakutaka picha ya kiumbe nyumbani. Ukutani kwetu zilikuwa Aya tu, za rangi ya dhahabu juu ya kitambaa cheusi, na hizi sura bapa zisizojifanya kuwa watu hai hazikunisumbua. Nilihisi hata mama angepita mle bila ya kuinamisha macho.

Chumba cha pili akanionyesha matajiri. Wafanyabiashara walianza kuwalipa mafundi wawachore wakiwa wamepiga magoti pembeni mwa mtakatifu. Kwanza walichorwa wadogo, wanamfikia magotini. Kwenye picha za miaka hamsini mbele wanamfikia begani. Halafu wako sawa naye. "Sasa tazama ukuta ule," akasema mzee. Pale alikuwapo tajiri peke yake, na manyoya shingoni, na dirisha nyuma yake, na kivuli chake kimelala juu ya meza. Mtakatifu hayupo tena.

"Amekwenda wapi?" nikauliza.

"Hakuna aliyemuaga," akasema mzee.

Alinitaka nisome sambamba na vyumba. Nilikuwa natoka kazini nakwenda maktaba ya Peckham na orodha aliyoniandikia nyuma ya karatasi ya zamu. Nikasoma hadithi za watawa na mashujaa, ambamo mwisho unaujua tangu mwanzo na haukuudhi. Nikasoma masimulizi ya mahujaji wao, ambamo kwa mara ya kwanza kila mtu ana kazi yake, meno yake na ulimi wake mchafu. Kisha tamthilia, ambamo mfalme akibaki peke yake jukwaani hutugeukia sisi na kutwambia uovu anaokwenda kuutenda. Mimi niliyefundisha tamthilia za namna ile miaka minne skuli sikuwa nimewahi kujiuliza kwa nini anatwambia sisi, na kwa nini hatuendi kumwambia mtu. Nilisoma juu ya basi, nikasoma jikoni, na nikaona jambo ambalo mzee alilijua siku nyingi: karne kwa karne mtu wa Ulaya alizidi kubaki peke yake, na kadiri alivyobaki peke yake ndivyo alivyozidi kutazamwa.

Kisha tukafika chumba cha karne ya kumi na saba. Chumba kile kilikuwa cha giza. Giza lilikuwa ndani ya picha, limekula pembe zote, na mwanga ulitoka upande mmoja tu, kama mlango uliofunguliwa kidogo. Akanipeleka mbele ya picha ndogo ya fundi asiyejulikana jina. Bibi kizee amekaa, anamenya tufaha. Ganda linaning'inia, refu, halijakatika. Amekaza macho kwenye kisu.

"Kabla ya huyu," akasema mzee, "watu wa kwenye picha walijua wanatazamwa. Wamejipanga. Huyu hajui."

"Nani anamtazama?"

"Wewe. Fundi amekuficha nyuma ya mlango, ukamchungulie."

Nikageuka kuutazama mlango. Siku chache baadaye msimamizi wetu, aliyekuwa mwanajeshi zamani, alibadilisha zamu, na chumba kile kikawa changu.

Vyumba vilivyobaki tulivimaliza haraka. Alinionyesha wafalme waliovaa mawigi, kisha dhoruba na bahari zilizochorwa kubwa mpaka mtu akawa doa, kisha mwanga uliovunjwa vipande vya rangi. Upande wa vitabu nikasoma riwaya za barua, ambamo msomaji anasoma siri za msichana juu ya bega lake, na riwaya za miji ambamo kila dirisha lina jicho. Chumba cha mwisho kilikuwa cha nyuso zilizokatwakatwa na kuunganishwa vibaya. Mzee hakukipenda, alisimama mlangoni. Mimi niliingia nikazielewa nyuso zile mara moja. Nilikuwa nimelala wiki kumi na moja pamoja na watu wenye nyuso kama hizo.

Halafu barua zikaanza.

Msimamizi alitukusanya chini, kwenye chumba cha makoti, akatusomea ya kwanza. Ilikuwa fupi, imeandikwa kwa herufi kubwa, haina jina. Ilisema: *Itabidi mtu amalize.* Hakuna aliyejua ina maana gani. Wengine wakacheka. Wiki iliyofuata ikaja ya pili, maneno yale yale. Na asubuhi moja, katika kukagua, nikaona mstari mwembamba kwenye fremu ya bibi wa tufaha, kama uliochorwa kwa ukucha. Nilipitisha kidole. Ulikuwa mkato.

Hakuna tena aliyecheka. Mikoba ikawa inafunguliwa mlangoni. Msimamizi akaniita ofisini.

"Chumba ni chako," akasema. "Nani anakaa sana?"

"Wengi wanakaa."

"Wewe una macho mazuri, nimekuona. Fikiri." Alikuwa na karatasi yangu mezani, ile ambayo Croydon waliitaka, ya kuthibitisha kwamba nina kazi ya kudumu. Hakunitisha. Aliisogeza tu pembeni, akasema ataiandika jambo hili likishatulia.

Mtu alikuwapo. Alikuja kila Jumanne saa nane mchana, koti la kijivu, nywele nyeupe, lafudhi ya nchi nyengine ya Ulaya kila alipoomba radhi kupita. Alikaa mbele ya bibi wa tufaha, mkoba mapajani. Alitazama, akainama juu ya mkoba, akatazama tena, akainama tena. Nilidhani anasali. Kisha, baada ya barua, sikudhani hivyo tena. Nilianza kuitafuta kwa macho mikono yake, iliyofichwa na mkoba.

Nilimweleza mke wangu. Alikuwa anakunja nguo. Alikuwa na mimba ya miezi sita.

"Na mtu huyo umemwona kwa macho yako akifanya kitu?"

"Nimemwona anakaa."

"Basi waambie. Hapa si kule, mume wangu. Hapa wakimkuta hana kitu watamwachia."

"Hata mimi waliniachia."

Akakunja shati moja mara mbili. "Mimi nataka mtoto huyu azaliwe karatasi zetu ziko tayari," akasema. "Siombi jengine."

Jumatatu niliingia kwa msimamizi nikasema: "Yupo mmoja, wa Jumanne." Ilikuwa rahisi hata nikashangaa. Nilidhani ulimi utakuwa mzito.

Kesho yake walikuja polisi wawili, wakasimama nyuma yake, wakamshika viwiko. Hakupiga kelele. Aligeuza kichwa akapitisha macho chumbani, polepole, mpaka yakanifikia mimi, na yakatulia hapo. Alijua. Nilikuwa mimi mwenyewe nimetazama watu vile, mtaani kwetu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amesimama mbele yangu waziwazi kama nilivyosimama mimi mbele yake, nimevaa yunifomu.

Mkobani walikuta kisu kidogo cha kuchongea penseli, penseli nne, na daftari. Kuchora kulihitaji kibali, na yeye hakuwa nacho, ndiyo maana alijificha. Daftari zima lilikuwa la mkono wa yule bibi: kidole gumba juu ya kisu, ukurasa baada ya ukurasa, kila mara amekikaribia kidogo zaidi. Polisi walimchukua kwa sababu ya kisu. Msimamizi alinipiga begani. Jioni ile ile aliniandikia karatasi ya Croydon.

Wiki mbili zikapita kimya. Mzee alikuwa ameacha kunifundisha, akisema vyumba vimekwisha. Lakini alikuwa anapita chumbani kwangu mara nyingi, na asubuhi moja, amenipa mgongo, aliniuliza: "Unadhani ganda lile litakatika?"

"Ni picha," nikasema.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo taabu yenyewe."

Siku ya pili yake ikaja barua ya tatu. Muhuri wa posta ulikuwa wa jana, na yule wa Jumanne bado alikuwa mikononi mwa polisi. Msimamizi aliisoma, akaikunja, hakunitazama, na mimi sikumtazama. Nilirudi chumbani kwangu nikakaa kitini nje ya robo saa yangu. Kama barua bado zinakuja, basi anayeziandika yumo bado, na mtu niliyemtoa hakuwa na kosa. Nilijaribu kuzihesabu sura za wageni wa siku zile. Sikufikiria hata mara moja kuzihesabu sura za wenye yunifomu.

Ilitokea asubuhi, kabla ya milango kufunguliwa. Niliingia chumbani nikamkuta mzee ameshatangulia, amesimama karibu na picha kuliko tunavyoruhusu mtu yeyote. Nikamwamkia. Hakugeuka. Nilipofika ubavuni pake nikaona turubai limefunguka, kutoka kidole cha bibi mpaka chini, kwa kufuata ganda, taratibu, kama mtu anayefungua barua asiyotaka kuiharibu. Nyuma ya mpasuko mlikuwa na mbao tupu.

"Miaka thelathini ananimenyea tufaha lile lile," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, sauti aliyonifundishia. "Nyumbani sasa hakuna mtu. Nakaa, namfikiria yeye huku, peke yake, hajamaliza. Nikaona nimsaidie."

Akanipa wembe, kama mtu anavyorudisha kijiko kwa aliyemwazima, akaenda kukaa kwenye kiti changu.

Nilikuwa nimesimama vile, wembe mkononi, mbele ya picha iliyochanika, msimamizi alipoingia. Alinitazama mimi kwanza. Niliuona uso wake ukikamilisha hesabu: chumba cha nani, nani amekuja juzi kutoka wapi, nani alikuwa na haraka ya kumtaja mwengine. Kwa muda wa pumzi tatu nne, aliyefanya nilikuwa mimi. Nilimwona mke wangu amekaa Croydon na bahasha ya kaki, peke yake, na tumbo lake.

"Siye yeye," mzee akasema kutoka kitini. "Mwache. Ni mimi. Na barua pia."

Hawakumwitia polisi. Walimletea chai, wakamvika koti, wakamtoa kwa mlango wa pembeni, mmoja wao akimshika mkono. Msimamizi alisema mzee anaumwa, na tusilizungumze nje. Baadaye nilisikia amepelekwa kwa dada yake, mji wa pwani. Sikumwona tena. Nilimwonea huruma, na bado namwonea, lakini nilipokuwa namtazama akishuka ngazi na kikombe chake nilikuwa nakumbuka namna yule mwengine alivyoshikwa viwiko.

Yule wa Jumanne alikuwa ameachiwa, lakini daftari lake polisi walikuwa wamelirudisha kwetu, limo kabatini kwa msimamizi, na nyuma yake imeandikwa anwani ya Thamesmead. Nikaomba nilipeleke mwenyewe. Msimamizi alinipa haraka, kama aliyeondolewa kitu kichafu mezani.

Nilikwenda Jumapili. Mtaa ule ulikuwa mpya wakati huo, saruji nyeupe ambayo mvua imeshaanza kuitia michirizi, njia za juu kwa juu za kupita watu, na ziwa la kuchimbwa ambalo upepo ulikuwa unalikunjakunja. Sikukutana na mtu. Nilipita milango mingi inayofanana mpaka nikaifikia nambari yake, nikagonga. Mlango ulifunguka kwa upana wa mnyororo. Aliniona bila ya yunifomu na bado akanijua.

"Nimeleta daftari lako," nikasema.

Akanyoosha mkono, akalichukua kwa ule ufa, akaanza kulifunua palepale, ukurasa kwa ukurasa, na mimi nimesimama kwenye upepo.

"Kurasa mbili hazipo."

"Sijui zilipo. Samahani." Kisha nikasema nililolijia. "Ni mimi niliyekutaja. Hukuwa na kosa. Aliyefanya amejulikana."

Nilisikia birika linachemka ndani.

"Picha imechanwa?" akauliza.

"Imechanwa. Mkono, na ganda lote."

Alifumba macho. Alipoyafumbua hayakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Nchi niliyozaliwa," akasema, "nilikaa miaka nikijiuliza nani. Nani alisema. Nikidhani nikijua nitalala vizuri." Akatikisa kichwa. "Haisaidii kitu."

Akafunga mlango. Nikasikia birika linaondolewa motoni.

Niliporudi Peckham mke wangu aliniuliza amesemaje. Nikamwambia. Alikaa pembeni mwa kitanda, mkono juu ya tumbo, akasema: "Mimi ndiye niliyekwambia useme." Nikamwambia hapana, ulimi ulikuwa wangu. Hatukulizungumza tena, ila kwa miezi mingi nilikuwa nikimkuta amesimama dirishani, nyuma ya pazia, anatazama nani anapita.

Barua ya Croydon ilikuja, ikiwa na kila tulichokiomba. Mtoto wetu akazaliwa, msichana. Picha ilitengenezwa ikarudishwa ukutani, na ukiwa hujui huoni kitu. Mimi niliona. Mwanga wa dirishani ukigeuka saa tisa alasiri, mstari ulitokea, kutoka kidole mpaka chini.

Kisha siku moja ya joto koti la mgeni mmoja lilipotea kwenye chumba cha makoti. Msimamizi alipanda ngazi akaja moja kwa moja kwangu, akatoa kijitabu chake mfukoni, akafungua kalamu.

"Nani?" akauliza. Hakueleza zaidi, kana kwamba mimi na yeye tulikuwa na lugha yetu.

Nilikuwa nimeona kitu kidogo asubuhi ile, mwenzetu mmoja akishuka chini wakati si wa zamu yake. Pengine alikwenda kuvuta sigara. Lakini jina lake lilikuwa limeshafika mdomoni kwangu kabla sijafikiri, na mdomo umeshafunguka kulitoa. Nikaufunga. Nikasema sikuona mtu.

Msimamizi alisubiri, kalamu juu ya karatasi. Alijua nadanganya. Akaandika kitu, sijui nini, akateremka.

Ijumaa ile nilirudisha yunifomu, imefuliwa na kupigwa pasi, wala sikuwaambia sababu. Jumatatu nilianza kazi hospitali, kwenye mashuka, karibu na mke wangu, mahali ambapo kelele za mashine zilikuwa kubwa hata mtu hakuweza kusikia mwenzake anasema nini.